Risasi Isiyo na Risasi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki ni risasi. Madini laini ya kijivu, mazito, yanayoyeyuka kwa nyuzijoto 327 tu za Selsiasi, nayo ni risasi. Neno tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako ni jina la madini kwanza na zana ya kuulia baadaye. Waliotutangulia hawakuwa na sababu ya kuyatenganisha, kwa kuwa kwa karne kadhaa karibu kila kilichopigwa kwa bunduki kilipigwa kwa madini yale yale.

Leo sababu ipo. Zipo risasi za shaba tupu, na yapo marisau ya chuma, yale mapunje ya shotgani ambayo hayana hata chembe ya risasi ndani yake. Ninachodai katika makala hii kinaenea katika sentensi moja: kila mnyama na kila ndege anayewindwa kihalali Tanzania awindwe kwa risasi isiyo na risasi. Kama sentensi hiyo imekuchekesha, cheka, kisha tuendelee. Tulikwishaifanya kazi ya namna hii mara moja na tukaimaliza.

Ilikuwa kwenye petroli. Kuanzia miaka ya 1920 mafuta ya magari yalitiwa risasi ili injini zisigonge, na miji yote ya dunia ikawa inavuta moshi wake. Mwaka 2001 nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa. Kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondoka kwenye vituo vya mafuta vya kanda nzima, Tanzania ikiwamo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake pale Nairobi, liliendelea kusukuma hadi nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilipoacha mwaka 2021. Wapo walioonya kwamba magari ya zamani yatakufa. Tunayaona mpaka leo yakipanda milima yamebeba viazi.

Tuliiondoa kwenye hewa. Tumeiacha kwenye sufuria.

Tuanze na kinachotokea mwilini mwa mnyama. Risasi ya kawaida ya kuwindia ina kiini cha madini ya risasi na koti jembamba la shaba. Inatoka mtutuni kwa kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde. Ikigonga mfupa wa bega la pofu, ule ulaini wake ndio unaofanya kazi: inafunguka kama uyoga, inapasua njia pana, na wakati huohuo inamomonyoka. Vipande vikubwa vitaonekana na mchinjaji. Vipande vingine ni vidogo kuliko chembe ya mchanga, na vimetawanyika kwenye nyama sentimita kadhaa kutoka kwenye njia ya jeraha. Havina rangi ya kuogopesha, havina harufu, na ulimi hauvijui.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mla nyamapori angepaswa kulijua. Walichukua paa 30 waliowindwa kwa risasi za kawaida, wakawapeleka kwa wachinjaji wa biashara wawatengeneze kama wanavyomtengenezea mteja yeyote, kisha wakapiga picha za eksirei pakiti za nyama. Kati ya wale 30, paa 24 walikuwa na vipande vya metali ndani ya nyama yao ya kusaga. Hawakuishia hapo. Nyama ile waliwalisha nguruwe, na kiwango cha risasi katika damu ya nguruwe hao kikapanda ndani ya siku chache. Hao wachinjaji hawakuwa wazembe. Walikuwa watu wa kazi, wenye visu vikali na taa nzuri, na bado ilipita.

Sasa uiweke picha hiyo kwetu.

Mwaka jana nilikaa wiki sita katika kijiji kinachopakana na kitalu cha uwindaji, nikikusanya data za tasnifu yangu ya uzamili. Tasnifu ilihusu mgawanyo wa mapato, haikuhusu sumu. Lakini siku gari la kambi lilipoleta nyama ya nyati, nilitoka na daftari langu kama wengine walivyotoka na beseni. Mzee aliyenipa chumba nyumbani kwake alinionyesha fungu lililomwangukia.

"Salala hatujawahi kuiona, mwanangu," aliniambia. "Salala inabaki kambini. Sisi tunaletewa shingo, mbavu na bega."

Nikamuuliza hiyo nyeusi ni nini. Ilikuwa nyama ya bega iliyovilia damu, nusu rojo.

"Hapo ndipo risasi ilipopita. Mama atasuuza. Moto unaua kila kitu."

Mkwewe alisuuza kweli, mara tatu, mpaka maji yakawa meupe. Akaikamulia ndimu, akaiacha, akaipika na nyanya nyingi, na jioni aliichambua nyuzinyuzi na kumtafunia mtoto wake wa mwaka mmoja. Ilikuwa tamu. Mimi pia nilikula.

Ukiangalia vizuri, kila hatua ya mlo ule ina hesabu yake. Mwindaji hulenga bega au nyuma yake kidogo, kwa sababu ndiko uliko moyo na mapafu. Kwa hiyo nyama iliyo mbali na jeraha, salala ya mgongoni, ndiyo inayobaki mezani kwa aliyelipa maelfu ya dola, na nyama iliyo karibu na jeraha ndiyo inayopanda gari kwenda kijijini kama hisani. Moto unaua bakteria. Metali haina uhai wa kuuawa. Na ndimu na nyanya, fahari ya jiko letu, ni tindikali, na tindikali huisaidia risasi kuyeyuka ikaingia kwenye mchuzi. Hakuna aliyekosea katika mlo ule. Mkwe alipika kama alivyofundishwa, mzee aligawa kwa haki, dereva alileta nyama ikiwa bado mbichi. Kosa liliingia kabla yao wote, lilipochaguliwa kasha la risasi dukani.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwili unaidhani ni kalisi, basi unaihifadhi mifupani, na inaweza kukaa humo miongo kadhaa. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake huachia kalisi kwa ajili ya mtoto na risasi hutoka pamoja nayo, ikavuka kondo. Mtoto mdogo hunyonya sehemu kubwa zaidi ya risasi anayoimeza kuliko mtu mzima, na mwenye upungufu wa madini chuma hunyonya zaidi. Inachoiba kwa mtoto ni akili: uwezo wa kutulia, kukumbuka, kusoma. Haimuui. Inampunguza kidogo kidogo, na hakuna cheti cha daktari kitakachoandikwa jina lake.

Afrika Mashariki haiwezi kusema haijui sura ya madini haya. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia sumu wakazi wa mtaa mzima, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Kenya iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo baada ya kupinduliwa kwenye rufaa. Nani atakayewafidia wale wanaokula risasi chembe kwa chembe, kutoka kwa wanyama tofauti, kwa miaka thelathini? Mlalamikiwa hayupo. Ndiyo sababu jambo hili lazima lishughulikiwe mwanzoni, kwenye mtutu, kwa maana mwishoni hakuna wa kumkamata.

Na binadamu si mlaji pekee. Mwindaji akipasua mnyama porini, matumbo hubaki pale, na jeraha limepita katikati yake. Tumbusi hufika kwanza. Tumbo la tumbusi lina tindikali kali mno. Ndiyo inayomwezesha kula mzoga wenye kimeta akaruka zake salama, na ndiyo hiyo hiyo inayoyeyusha kipande cha risasi vizuri kuliko tumbo la kiumbe kingine chochote unachoweza kukifikiria. Ndege aliyeumbwa ashinde magonjwa anashindwa na chembe ya metali. Mabawa yanalegea, chakula kinagoma kushuka, na anaweza kufa kwa njaa huku ameshiba.

Botswana imetupa ushahidi wa karibu. Watafiti walipima damu ya tumbusi mgongo-mweupe 566, na karibu theluthi moja walikutwa na risasi kuliko inavyotakiwa. Viwango vilikuwa juu zaidi katika msimu wa uwindaji na katika maeneo ya uwindaji. Ndege huyo, ambaye yuko pia Ruaha, Serengeti na Nyerere, aliwekwa mwaka 2015 katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka. Marekani nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulichunguza tai 1,210 kutoka majimbo 38 na kukuta karibu nusu yao wana sumu ya risasi ya muda mrefu. Na kondori wa California, aliyebaki na ndege 22 tu mwaka 1982, alifugwa, akazalishwa, akarudishwa porini kwa mamilioni ya dola, na mpaka leo kinachomuua kuliko kitu kingine ni risasi iliyomo kwenye mizoga.

Ndiyo maana California ilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu Julai 2019 hakuna mnyama wa porini anayeruhusiwa kupigwa kwa risasi yenye risasi katika jimbo zima. Denmark ilipiga marufuku marisau ya risasi tangu 1996, na Aprili 2024 ikamalizia na risasi za bunduki kubwa. Umoja wa Ulaya umeyazuia marisau hayo kwenye maeneo oevu tangu Februari 2023. Sasa tafakari: mwindaji wa California au wa Copenhagen anayetii sheria nyumbani kwake anapanda ndege, anatua Kilimanjaro, na hapa hakuna anayemuuliza kiini cha risasi zake ni cha nini. Kwao sumu, kwetu utalii.

Wanaopinga wana hoja, na baadhi ya hoja zao ni za kweli.

Wanasema tumbusi wengi zaidi wanakufa kwa mizoga iliyotiwa dawa za kuulia wadudu. Kweli kabisa. Juni 2019, Botswana hiyo hiyo, tumbusi 537 walikutwa wamekufa kwa mkupuo baada ya majangili kutia sumu mizoga ya tembo. Lakini jangili anayetia sumu hana leseni, na serikali itamtafuta usiku na mchana bila kumpata. Mwindaji halali ana leseni, ana msindikizaji, ana orodha ya bunduki alizoingia nazo. Kati ya sumu mbili, hii ndiyo inayoweza kukomeshwa kwa fomu.

Wanasema shaba haiui vizuri, na mnyama aliyejeruhiwa atateseka. Hili lilikuwa na uzito zamani. Kampuni ya Barnes ya Marekani ilitoa risasi yake ya shaba tupu mwaka 1989, na tangu hapo teknolojia imekomaa. Wadenmark walifuatilia wanyama waliopigwa porini kwa shaba kabla ya kubadili sheria, na hawakuona tofauti ya maana katika kuua. Isitoshe, muulize mwindaji bingwa yeyote wa hapa nyumbani anabeba nini akimfuata tembo au nyati kichakani. Wengi watakuambia: risasi ngumu ya kipande kimoja, isiyo na kiini cha madini ya risasi, kwa sababu wanahitaji kitu kitakachopenya bila kumomonyoka. Pale ambapo maisha yao wenyewe yako hatarini, walishachagua.

Marisau ya chuma yana masharti yake, nakubali. Ni mepesi, hivyo mpigaji asogee karibu zaidi na atumie punje kubwa kidogo, na mitutu ya zamani iliyobanwa sana mdomoni isitumike bila kukaguliwa na fundi. Hayo ni mambo ya kujifunza kwa siku moja ya mazoezi. Wawindaji wa bata wa Marekani walilazimika kuyajifunza mwaka 1991, na bado wanawinda bata.

Wanasema ni ghali. Kwa nani? Mtalii anayelipia safari ya nyati hulipa maelfu ya dola, na kwa safari nzima anaweza asifyatue risasi ishirini. Tofauti ya bei kati ya kasha la shaba na kasha la kawaida haifiki bei ya chakula chake cha jioni uwanja wa ndege. Kwa mwindaji mwenyeji hoja hii ni nzito, siipuuzi. Anayenunua kasha moja kwa mwaka na kulitunza kama dhahabu hawezi kuambiwa kesho alipe mara mbili. Kwake uwekwe muda, miaka mitatu au minne, na kodi ya kuingiza risasi zisizo na risasi ipunguzwe. Tunalo Shirika la Mzinga pale Morogoro, lenye uzoefu wa miaka mingi wa kutengeneza risasi. Shaba tunapakana nayo: Zambia na Kongo zinaipitisha kwa malori barabarani kwetu kila siku kwenda bandari ya Dar es Salaam. Nchi inayosindikiza shaba ya dunia haiwezi kudai imekosa shaba ya kuwindia.

Na wapo marafiki zangu, wengi wao wasomaji wa jarida hili, wanaosema kwamba ninapaka rangi ukuta unaotakiwa kubomolewa: uwindaji wote upigwe marufuku, kama Kenya ilivyofanya mwaka 1977. Mjadala huo una haki yake. Lakini utachukua miaka, na kila mwaka wa mjadala ni msimu mwingine wa nyama ya bega kwenye beseni. Anayesubiri ushindi mkubwa aseme mbele ya yule mkwe kwamba mtoto wake asubiri pia.

Jambo linalonikera kuliko yote ni hili. Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu na kwa silaha iliyotiwa sumu. Sheria hiyo inamfikiria mtu mwenye upinde, mwenye mshale uliopakwa utomvu. Lakini sumu ya mshale ilikuwa na adabu yake: Wasan wa Kalahari, kwa mfano, hukata nyama iliyozunguka jeraha na kuitupa kabla ya kula, kwa sababu anayejua ametumia sumu hujua pia mpaka wake. Sisi tumemvua mwenye upinde silaha yake kwa kuwa ina sumu, tukampa leseni mwenye bunduki, na silaha yake ina sumu isiyokatika kwa kisu. Tofauti ni kwamba sumu ya kwanza inajulikana kwa jina lake, na ya pili imejificha ndani ya jina la silaha yenyewe.

Hata ahadi tumekwishaitoa. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Uhifadhi wa Ndege wa Majini Wahamao wa Afrika na Eurasia, uliokubaliwa The Hague mwaka 1995, na mpango kazi wake uliwataka wanachama wajitahidi kuacha marisau ya risasi kwenye maeneo oevu kufikia mwaka 2000. Mwaka huo huo tuliorodhesha Malagarasi-Muyovozi kuwa eneo oevu letu la kwanza la Ramsar. Bata na bukini wanaopekua tope kutafuta changarawe za firigisi hawawezi kutofautisha changarawe na marisau. Zaidi ya miaka ishirini na mitano imepita. Kutimiza ahadi hiyo hakuhitaji mkutano mwingine hotelini.

Kwa hiyo, kwa utaratibu: Wizara ya Maliasili na Utalii na TAWA waanze na uwindaji wa kitalii, msimu ujao, kwa sharti moja ndani ya leseni. Marisau ya risasi yakome kwenye maeneo oevu yote wakati huohuo. Bucha za nyamapori, ambazo tangu kanuni za mwaka 2020 zinamuuzia raia nyama mchana kweupe, zisipokee mnyama aliyepigwa kwa risasi yenye risasi. Mkaguzi wa nyama anaweza kuona minyoo, anaweza kushuku kimeta, lakini hakuna jicho litakaloona chembe hizi, basi zizuiwe kabla hazijafika mezani kwake. Wawindaji wenyeji wapewe muda na unafuu wa kodi. Na hadi hayo yatimie, kambi zinazoleta nyama kijijini zikate na kuzika kwa kina nyama yote iliyozunguka jeraha, kiganja kizima pande zote na zaidi, na zipeleke salala mara moja moja.

Fomu ya kuombea leseni tayari inamuuliza mwindaji jina, uraia, aina ya bunduki na kaliba yake. Iongezwe mistari miwili. Wa kwanza uulize ndani ya risasi zako kuna nini. Wa pili uulize nyama itakwenda kwa nani.